Ameshindwa, au amezuiwa?

Kuna maneno mawili ambayo huchanganywa kila siku nyumbani, shuleni na kazini. La kwanza ni kushindwa. La pili ni kuzuiwa. Mtoto akitumwa dukani akarudi mikono mitupu, swali la kwanza huwa, "Mbona umeshindwa na kazi ndogo kama hii?" Kumbe maskini, duka lilikuwa limefungwa! Mtahiniwa aliyefanya mtihani akaambulia sufuri si sawa na yule aliyekuwa amelazwa hospitalini siku hiyo. Wanaosahihisha mitihani wanaijua tofauti hii, ndiyo maana asiyefika hapewi sufuri. Huonyeshwa kwamba hakuwapo.

Leo ningependa tuitazame tofauti hiyo mahali ambapo pengine hukuitarajia, yaani ndani ya kompyuta. Tafadhali usigeuze ukurasa, hata kama hujawahi kuandika programu maishani mwako. Mimi riziki yangu huitoa katika kuzijaribu programu zilizoandikwa na wengine kabla hazijamfikia mteja, na nimeona vijana wenye bidii wakikaribia kupoteza kazi kwa sababu tu hakuna aliyeuliza swali hili dogo: ameshindwa, au amezuiwa?

Kwanza tuelewane maneno. Programu ni orodha ya maagizo. Ikiisha kuanzishwa ikawa inafanya kazi, mafundi huiita mchakato. Katika kompyuta moja huweza kuwa na michakato mamia, kila mmoja na shughuli yake, mithili ya vibanda sokoni Gikomba.

Programu hukosea, nayo makosa yake huitwa wadudu. Jina hilo lilikuwa likitumiwa na mafundi tangu zamani, lakini mnamo Septemba 9, 1947 lilipata ushahidi wa kuchekesha. Waliokuwa wakiiendesha kompyuta ya Harvard iliyoitwa Mark II walimkuta nondo, mdudu wa kweli, amenaswa ndani ya mtambo. Walimtoa wakambandika kwenye daftari la kazi. Mwanahisabati Grace Hopper, aliyekuwa akifanya kazi na kikundi hicho, ndiye aliyeieneza hadithi hiyo hata ikajulikana duniani kote.

Chombo cha kuwatafuta wadudu wa aina hii huitwa dibaga. Mfikirie makanika wa barabara ya Kirinyaga hapa Nairobi. Makanika hodari hatosheki kulitazama gari likiwa limezimwa. Huiwasha injini, akafungua boneti, akatega sikio. Dibaga nayo hufanya hivyo hivyo. Hujishikiza kwenye mchakato unaoendelea, ikausimamisha kidogo, ikasoma yaliyomo katika kumbukumbu zake na kuona umefika mstari gani wa maagizo, kisha ikauachilia uendelee. Dibaga mashuhuri iitwayo GDB iliandikwa na Richard Stallman mwaka 1986, na ingali inatumiwa mpaka leo.

Sasa tuje kwenye majaribio. Katika kampuni nyingi za programu, fundi akibadilisha hata mstari mmoja, kompyuta maalumu, yaani seva, huijaribu programu nzima bila ya mtu kukaa hapo. Mara nyingi kazi hiyo hufanywa usiku. Asubuhi watu hukuta ripoti: jaribio lililofaulu lina rangi ya kijani, lililoanguka lina nyekundu.

Utauliza, dibaga inatafuta nini katika majaribio ya usiku ilhali hakuna mtu wa kuitazama? Swali zuri. Kuna kasoro mbaya kuliko zote, ile ya programu kuganda. Haianguki, haisemi, haimalizi. Seva husubiri, tuseme, dakika 10, halafu huua mchakato uliokwama na kuandika kwamba muda umekwisha. Na hapo ushahidi wote hupotea! Ni kama kuzika maiti bila ya daktari kuchunguza kilichomuua marehemu. Lakini kabla ya kuua, seva ikiituma dibaga ijishikize na kuandika mchakato ulikuwa umekwama wapi, asubuhi fundi ana pa kuanzia.

Haya, ndugu msomaji, hapo ndipo tunapokutana na mlinzi wa langoni.

Dibaga ina nguvu za kutisha. Chombo kinachoweza kusoma kumbukumbu za mchakato mwingine kinaweza pia kusoma neno lako la siri. Zamani katika mfumo wa Linux, programu yoyote uliyoianzisha iliweza kwa kawaida kujishikiza kwenye programu yako nyingine. Maana yake ni kwamba mhalifu akiiteka programu yako ya kupiga gumzo, angeweza kuitumia kuchungulia ile unayotumia kuingia benki. Ndipo waundaji wa Ubuntu wakaweka kizuizi katika toleo la 10.10 la mwaka 2010. Baadaye, mwaka 2012, kizuizi hicho kiliingizwa katika kiini cha Linux chenyewe, toleo la 3.4, kwa jina la Yama.

Yama huongozwa na nambari moja tu, kuanzia 0 hadi 3. Penye 0, mambo ni kama zamani: michakato ya mtumiaji mmoja inaweza kushikana. Penye 1, mzazi anaruhusiwa kumshika mtoto wake au mjukuu wake, lakini ndugu hamshiki ndugu, isipokuwa anayeshikwa awe ametangaza mapema kwamba fulani ana ruhusa. Ni kama geti la mtaa wa nyumba za kupanga, ambapo mgeni huingia tu ikiwa mwenyeji amempigia mlinzi simu. Penye 2, ni msimamizi wa mfumo peke yake anayeweza kujishikiza. Penye 3, hakuna awezaye kabisa, na ukiisha kuiweka nambari hiyo huwezi kuirudisha nyuma mpaka uizime kompyuta na kuiwasha tena.

Neno mzazi hapa si mzaha wangu. Mchakato ukianzisha mwingine, mafundi husema umezaa mtoto. Likumbuke neno hilo, kwa maana ndilo litakalotufungulia kisa ninachotaka kukusimulia.

Dada yangu ana binti aliyemaliza chuo kikuu akaajiriwa na kampuni moja hapa jijini. Kampuni hiyo huandika programu za kuhesabia mauzo na akiba ya bidhaa madukani. Alipewa miezi 3 ya majaribio kabla ya mkataba wa kudumu. Tazama basi lugha yetu: msichana yumo katika majaribio, na kazi yake ni kuandika majaribio!

Jukumu lake la kwanza lilikuwa hili hili la dibaga. Alitakiwa kuandika jaribio la kuthibitisha kwamba programu ya duka ikiganda, GDB itaweza kujishikiza na kuandika ripoti. Katika kipakatalishi chake lilipita bila taabu. Kwenye seva likawa jekundu usiku wa kwanza, wa pili, na wiki nzima. Ripoti ilikuwa na maneno machache tu: dibaga imeshindwa.

Miezi mitatu ilikuwa karibu kutimia. Alikuja kwangu Jumamosi moja, chai ikapoa mbele yake.

"Mjomba," aliniambia, "wameanza kusema kwamba mimi ni wa vitabuni tu. Nimeyasoma yale maagizo mpaka nayaota usiku, na sioni kosa."

"Mwanangu," nikamjibu, "kabla hatujatafuta kosa, hebu niambie. Kuna mtu aliyeangalia kama dibaga inaruhusiwa kujishikiza kwenye seva ile?"

"Ndiyo, Mjomba. Mkubwa wangu alikwisha kuangalia. Aliandika programu ndogo inayozaa mtoto wa kulala tu, halafu ikamshika. Ilifaulu. Ndiyo maana wanasema ruhusa ipo, kwa hivyo kosa ni langu."

"Na katika jaribio lako, ni nani anayemshika nani?"

Alichukua kalamu akachora. Msimamizi wa majaribio juu. Chini yake, upande mmoja, programu ya duka. Upande wa pili, GDB. Mistari miwili ikishuka kutoka kwa mzazi mmoja. Aliitazama karatasi kwa muda, kisha akaweka kalamu chini. "Mjomba! Hawa ni ndugu!"

Naam, walikuwa ndugu. Mkubwa wake alikuwa amejaribu mzazi kumshika mtoto, jambo linaloruhusiwa Yama ikiwa 1. Jaribio lenyewe lilikuwa la ndugu kumshika ndugu, jambo lililokatazwa. Uangalizi ule ulifanywa kwa nia njema, ukatoa jibu la kweli, ila lilikuwa jibu la swali jingine. Jumatatu alisoma nambari mahali pote pawili. Kipakatalishi chake kilikuwa na 0, kwani si matoleo yote ya Linux yanayoanza na nambari moja. Seva ilikuwa na 1.

Kulikuwa na fundo jingine tena. Majaribio hayo yalikuwa yakifanyika ndani ya kontena. Kontena ni kama chumba cha muda kinachojengwa ndani ya seva, kazi ikatendeka humo, kisha kikabomolewa. Mtu hudhani chumba kina sheria zake. La hasha! Nambari ya Yama ni ya seva nzima. Mpangaji hata akipaka kuta rangi apendayo, geti ni la mwenye ploti.

Tena makontena yana walinzi wao wa ziada. Kwa miaka kadhaa, mpangilio wa kawaida wa Docker, mojawapo ya programu zinazojenga vyumba hivyo, ulizuia kabisa wito wa mfumo ambao dibaga huutumia kujishikiza. Uliruhusiwa katika toleo la 19.03 la mwaka 2019, tena kwa sharti kwamba kiini cha Linux kiwe cha toleo la 4.8 au jipya zaidi. Wenye kompyuta za Apple nao wana mlinzi wao: tangu mwaka 2015, mfumo huo huzuia dibaga kujishikiza kwenye programu za mfumo wenyewe, hata kama anayeomba ni msimamizi mkuu.

Kuna sababu moja zaidi ya kunyimwa. Mchakato hauwezi kushikwa na wawili kwa wakati mmoja. Chombo kingine kikiwa kimetangulia, dibaga yako itakuta mlango umefungwa. Katika Linux, hali ya kila mchakato ina mstari uitwao TracerPid. Ukiwa na sufuri, hakuna aliyeushika. Ukiwa na nambari nyingine, hiyo ndiyo nambari ya aliyekutangulia.

Je, suluhisho lilikuwa nini? Baadhi ya wenzake walisema, "Weka 0 kwenye seva, mambo yaishe." Ni kweli, mambo yangeisha, lakini huo ni sawa na kumfukuza bawabu kwa sababu amemzuia shemeji yako getini. Seva hiyo ilikuwa ikifanya kazi za watu wengine pia. Nilimshauri binti yetu afanye kama mwenyeji anayempigia mlinzi simu. Yama humruhusu mchakato kumtaja anayeweza kuushika, na ruhusa hiyo huwafikia pia wazawa wa aliyetajwa. Basi programu ya duka, inapokuwa katika majaribio tu, ikamtaja msimamizi wa majaribio. Kwa kuwa GDB ni mtoto wa msimamizi huyo, ikapita getini bila kugombana na mtu, na geti likabaki pale pale.

Usiku ule jaribio likawa la kijani.

Lakini sikufurahia rangi hiyo kama nilivyofurahia jambo lililofuata. Wiki mbili baadaye, programu ya duka iliganda kweli kweli usiku wa manane, na safari hii dibaga ilijishikiza ikaandika ilichokiona. Asubuhi waliikuta sababu imeandikwa peupe. Sehemu moja ya programu ilikuwa imeshikilia daftari la mauzo ikisubiri daftari la akiba. Sehemu nyingine ilikuwa imeshikilia daftari la akiba ikisubiri la mauzo. Kila mmoja amengoja mwenzake aachilie, hakuna aliyeachilia. Kasoro hiyo ilikuwamo tangu kabla msichana hajaajiriwa. Lau ingefika kwa mteja, mwenye duka angebaki na foleni ya wanunuzi wa unga na sukari mbele ya kompyuta iliyonyamaza. Mkataba wa binti yetu ulitiwa sahihi mwezi uliofuata.

Kwa wanafunzi wanaosomea kazi hii, na kwa wazazi wanaotaka kujua karo imekwenda wapi, nina mambo manne ya kusema.

La kwanza, kabla ya jaribio linaloitegemea dibaga, mtume mtangulizi. Zaa mchakato mdogo usio na kazi, mwambie alale, kisha iagize dibaga ile ile ijishikize kwake na kutoka mara moja. Akishikika, endelea. Asiposhikika, huna haja ya kuyapekua maagizo ya programu kubwa usiku kucha.

La pili, mtangulizi apite njia ile ile atakayopita mwenyewe: dibaga ile ile, mtumiaji yule yule, kontena lile lile, na undugu ule ule. Kujaribu mlango wa nyuma hakukuambii kama mlango wa mbele uko wazi.

La tatu, ripoti iwe na majibu matatu, wala si mawili: limefaulu, limeanguka, halikuweza kufanyika kwa sababu fulani. Wenye lugha ya Python hufanya hivyo. Majaribio yao yanayohusu GDB, yakikuta GDB haipo au ni ya zamani mno, hujiruka yenyewe na kutaja sababu. Hayajidai kufaulu, wala hayamsingizii mtu kosa.

La nne, nalo ndilo husahaulika zaidi, jibu la tatu lisigeuke kichaka cha kujifichia. Jaribio lililorukwa kwa mwaka mzima halijamlinda mtu yeyote. Kwa hivyo chagua angalau seva moja ambayo ni lazima dibaga ipate ruhusa. Hapo, na hapo tu, mtangulizi akikataliwa rangi iwe nyekundu, ili watu waende kuzungumza na mlinzi badala ya kumzunguka.

Najua kuna watakaosema haya ni mambo ya wenye kompyuta. Sivyo hata kidogo. Mwanao akileta alama mbaya za hesabu, huenda hakushindwa na hesabu. Huenda anakaa nyuma ya darasa na haoni ubaoni. Kijana aliyemaliza chuo na hajapata kazi, wakati mwingine hata getini hajaruhusiwa afike. Na iwapo ni kweli ameshindwa, basi apate kuambiwa hivyo kwa haki, baada ya kupewa nafasi ya kujaribu. Lawama bila uchunguzi humvunja mtu moyo. Visingizio bila uchunguzi humlemaza. Dawa ya vyote viwili ni kuangalia kwanza.

Ikiwa una kompyuta yenye Linux, leo jioni baada ya chakula fungua dirisha la amri, uisome faili iitwayo /proc/sys/kernel/yama/ptrace_scope. Kwa kawaida utakuta tarakimu moja tu. Waite watoto, waulize: nambari hii inamruhusu nani kuingia, na inamzuia nani? Kisha waache wakueleze.